Spika za Seremala

Kaeni. Kaeni chini, na ninyi wa kwaya shusheni vitabu, wimbo wenu wa kuweka wakfu tutauimba wakati wake ukifika. Naona spika zimefungwa utepe mwekundu kama bibi harusi. Naona na mkasi upo kwenye sahani, umefunikwa kitambaa cheupe. Mmejiandaa, hongereni. Mzee Chaula amenishika mkono pale mlangoni akaniambia, "Mchungaji, leo usituchoshe, watu wana hamu ya kuzisikia." Nimekusikia mzee wangu. Sitawachosha. Nitatoa mfano mmoja tu, halafu nitakaa. Ila mfano wenyewe si wa kuchekesha, nawaambia mapema, asije mtu akaninunia baada ya ibada.

Kulikuwa na seremala mmoja. Nchi yake ilikuwa ya baridi kama hii yetu, ukungu unaingia ndani bila kubisha hodi, na mwezi wa saba shati ukilianua ni bichi vile vile ulivyolianika. Jina lake siwatajii, maana nikitaja jina mtaacha kusikiliza mfano, mtaanza kuulizana ni wa ukoo gani. Alikuwa fundi hasa. Nusu ya milango ya kijiji kile ilitoka mikononi mwake, na hakuna mlango wake hata mmoja uliokuwa unalia.

Ukimtoa kwenye randa na msumeno, mtu huyu alipenda kitu kimoja: nyimbo za kwaya. Alikuwa na spika mbili ndogo, ndogo hivi, kama matofali mawili ya kuchoma. Akazichongea shelfu yake mwenyewe, akaipigilia ukutani sebuleni. Alipima kwa jicho la fundi, spika zikaingia mahali pake sawasawa, hata ukucha haupiti pembeni. Ukisikia kwaya inaimba pale unasema wamo humu humu, wamesimama nyuma ya pazia.

Chini ya shelfu ile, kwenye kona, palikuwa na kitanda cha mama yake.

Mama alikuwa amekufa miguu. Na kwa nini alilala sebuleni, wakati vyumba vipo? Kwa sababu ndiko kuliko na joto, ndiko kuliko na watu. Pale alipolala aliona mlango. Nani kaingia, nani katoka, nani kavaa sweta isiyo na vifungo. "Wewe, umekula?" "Huyo mgeni mmempa kiti?" Mnamjua mama wa namna hiyo. Kila nyumba hapa inaye, au ilikuwa naye.

Na pembeni ya kitanda palikuwa na jiko la mkaa. Hapa nisikilizeni vizuri. Sisi watu wa baridi jiko la mkaa ni blanketi letu la pili, na sisi wenyewe tunajua limetuzikisha watu wangapi. Ndiyo maana kila nyumba ina sheria yake. Jiko unaliwashia nje. Unangoja moshi uishe, mkaa uwe mwekundu, ndipo unaliingiza. Mlango unauacha wazi kidogo. Na lazima awepo mtu wa kulitoa. Hatulali na jiko, hatujifungii na jiko, maana mkaa ukiua hautoi hata harufu. Mtoto wa chekechea wa huku kwetu anaijua sheria hii kabla hajajua kuandika jina lake.

Nyumbani kwa seremala sheria ilikuwa hivi: mama akisema "toeni jiko," jiko linatoka. Uwe unakula, uwe unaongea na mkwe, wimbo uwe umefika pale pazuri, unainuka. Seremala mwenyewe ndiye aliyekuwa anainuka, anashika jiko kwa tambara, anatoka nalo. Na zile spika ndogo, hata zikiimba kwa nguvu zake zote, sauti ya mama ilikuwa inapita juu yake bila shida.

Basi, Jumapili mchana majirani walikuwa na desturi ya kwenda kwake kusikiliza nyimbo. Wanakwenda na viazi vyao vya kuchoma, wanakaa, wanasikiliza. Jumapili moja akaja shemeji yake, kaka wa mkewe, anaishi mjini. Akaitazama shelfu ile, akacheka.

"Shemeji, mtu mzima mwenye ndevu na spika za kitoto? Hizi mjini tunawawekea watoto chumbani kwao wachezee."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama mnavyocheka ninyi sasa hivi. Lakini fundi ukimchekea kitu kilichomo ndani ya nyumba yake, umemchoma. Siku zilizofuata akawa anazitazama spika zake kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyekoma kutoa maziwa. Zilikuwa zimeharibika? Hapana. Sauti ilikuwa imepungua? Wala. Kicheko tu ndicho kilichokuwa kimeingia kati yake na spika zake.

Akashuka mjini kwa muuzaji yule yule aliyemuuzia zile ndogo. Akaonyesha kwa kidole spika mbili kubwa, ndefu, zinamfika mtu kiunoni.

"Nataka hizi."

Muuzaji alikuwa mtu mkweli, maana wapo, msidhani wafanyabiashara wote ni wezi. Akamwambia, "Fundi wangu, nitakuuzia, lakini nikwambie kabisa, kesho usije kunilaumu. Aliyetengeneza hizi ndiye aliyetengeneza zile zako. Sauti ni ile ile. Utasikia unachokisikia sasa, ila kwa nguvu. Chumba chako kikubwa?"

"Cha kawaida."

"Basi zile ndogo zinakutosha."

"Ndugu yangu, wewe unauza au unafukuza wateja?"

"Nauza."

"Basi nifungie."

Akafungiwa. Alilipaje, hayo hayatuhusu. Akapanda nazo juu ya lori la viazi, amezikumbatia huku na huku.

Alipofika nyumbani, kitu cha kwanza kabisa: shelfu haikuzitosha. Ingezitoshaje? Aliipima mwenyewe kwa spika ndogo. Akajaribu karibu na mlango, mlango haufunguki. Akajaribu chini ya dirisha, meza ya chakula inakosa pa kukaa. Mahali pakabaki pamoja tu palipofaa. Mnapajua. Kona ya mama.

Mkewe akamuuliza, "Na mama?"

"Chumba cha nyuma, kile ninachoweka mbao. Nitakisafisha, nitakipaka chokaa, kitakuwa kizuri kuliko hapa."

"Kule ni baridi, baba."

"Atakuwa na jiko lake."

"Na jiko atalitoa nani?"

"Mke wangu, kwani tunampeleka ng'ambo? Ukuta ni mmoja tu. Akitaka kitu atagonga, tutakwenda."

Mama hakuulizwa, aliambiwa. Akamtazama mwanawe, akasema, "Zile ndogo zimekukosea nini, baba?"

"Hizi ni nzuri zaidi, mama."

"Zinaimba wimbo mwingine?"

"Wimbo ni ule ule, mama."

Mama akasema, "Haya. Nyumba ni yako." Ninyi mnajua mzazi akikwambia nyumba ni yako amemaliza maneno, na amekuachia.

Wakamhamisha. Na wasiwe wabaya machoni penu, ndugu zangu, maana hawakuwa watu wabaya. Chumba kilipakwa chokaa kweli, kikawa cheupe. Mke aliona kidirisha kinapitisha upepo akakiziba kwa gunia, akalikandamiza vizuri, upepo usimguse mama. Aliziba kwa upendo. Seremala akampa mama kikombe chake cha bati, akamwambia, "Ukutani hapa, ko, ko, ko. Mara moja nitakuwa mlangoni."

Na siku za kazi ilikuwa hivyo hivyo. Mama anagonga, mtu anakwenda, jiko linatoka. Seremala akawa anamwambia mkewe, "Unaona? Ulikuwa na wasiwasi wa bure." Spika kubwa alikuwa hajazifungulia sauti bado. Alikuwa anazingoja Jumapili.

Jumapili ikafika, na mvua. Watu wakajaa sebuleni, wengine wamesimama. Shemeji naye akawapo, tena akapewa kiti cha mbele, maana hiyo sherehe kwa kweli ilikuwa yake. Mke akampelekea mama jiko, mkaa mwekundu, akaacha mlango wazi kidogo kama sheria inavyosema. Halafu akaenda jiko la nje kupika chai ya wageni pamoja na akina mama wenzake.

Seremala akafungulia.

Jamani! Bati lilitetemeka. Vikombe vilitembea juu ya meza. Watu wakashika vifua, wakaangua kicheko cha furaha. Shemeji akasimama, akampa mkono. "Sasa hapo ndipo unaongea!" Fundi wa watu, siku ile alirefuka.

Wimbo wa kwanza ulipokuwa unaisha akasikia kwa mbali, "Baba! Baba!" Akaenda chumba cha nyuma. Sitaki msahau hili: alisikia, na alikwenda.

"Unasemaje, mama?"

"Kichwa, mwanangu. Na hizo spika zako zinanipiga humu." Akajigusa kifuani.

"Pole mama. Ngoja nikufungie mlango, makelele yasikusumbue."

Akafunga mlango. Mlango alioutengeneza mwenyewe, usiolia, unaokaa sawasawa. Jiko liko wapi? Liko ndani. Aliliona? Aliliona. Akasema moyoni, wimbo huu ukiisha nitarudi nilitoe. Tatizo la nyimbo, ndugu zangu, moja ikiisha inaingia nyingine, na ya pili ndiyo uliyokuwa unaipenda zaidi.

Ukawa katikati wimbo ule anaoupenda. Mzee mmoja jirani, amekaa karibu na ukuta, akainua kichwa. "Fundi, kuna kitu kinagonga."

Seremala akainua mkono watu wanyamaze. Akatega sikio. Ko. Ko. Ko. Uso wake ukang'aa.

"Mnasikia? Ngoma hiyo! Imo ndani ya wimbo. Miaka yote nimeusikiliza wimbo huu, zile ndogo hazikuwahi kuitoa!"

Akamgeukia shemeji. "Na yule muuzaji akaniambia sauti ni ile ile!"

Watu wakatega masikio, wakaisikia. Wakaitikia kwa vichwa. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi kuifuatisha, na mwingine, na mwingine, mpaka nyumba nzima ikawa inapiga makofi, ko, ko, ko. Halafu ngoma ikaanza kuchelewa. Inapiga, inakaa kimya, inapiga. Makofi yakapotea njia. Shemeji akasema, "Mpiga ngoma wenu amechoka huyu," na watu wakacheka sana. Ikapiga tena kidogo. Ikaacha.

Mbona mmenyamaza? Si mlikuwa mnacheka hapa sasa hivi?

Mke ndiye aliyemkuta, alipompelekea chai. Mayowe yake nayo hayakusikika mara moja, mpaka alipoingia sebuleni na ile sinia tupu mkononi, na akina mama nyuma yake, ndipo mtu akazima.

Wakazika. Watu walikuja wengi, na walisema yanayosemwa msibani. Mama amepumzika. Mama alikuwa ameteseka na miguu. Kazi ya Mungu haina makosa. Seremala alitengeneza jeneza mwenyewe, hakukubali mtu amshikie hata msumari. Lakini jambo moja alikuwa hajalijua. Alijua jiko limemuua mama. Alijua alifunga mlango. Hayo yalitosha kumvunja mtu. Ila alikuwa anajifariji kwa neno moja, analisema kwa kila aliyekuja: "Alilala tu, hakuteseka. Angeteseka angegonga." Na majirani waliokuwapo siku ile walikuwa wanamtazama, wanatazama chini.

Matanga yakaisha, watu wakatawanyika. Asubuhi moja akawa peke yake sebuleni. Akaona afungulie wimbo ule, ule uliokuwa unapigwa mama akiwa bado yu hai. Akakaa kwenye kiti, akaungoja ufike pale penye ngoma, kwani alisema moyoni, ngoma ile mama naye aliisikia.

Wimbo ukafika pale. Ukapita. Ngoma haipo.

Akaurudisha. Akaongeza sauti, akasogea, akaweka sikio kwenye spika. Sauti za kwanza zipo, sauti za pili zipo, besi ipo, kinanda kipo. Ngoma haipo. Akatoka, akazifuata zile spika ndogo kwenye gunia alikozihifadhi, akazipangusa vumbi, akazirudisha kwenye shelfu yake, akaunganisha nyaya. Akafungulia wimbo ule ule. Sauti za kwanza, sauti za pili, besi, kinanda. Sauti ni ile ile. Yule muuzaji alisema kweli. Hakuna kilichozidi katika spika zile kubwa, hata kimoja, isipokuwa kile walichokipigia makofi.

Akainuka, akaenda chumba cha nyuma. Ukuta aliupaka chokaa mwenyewe, mweupe. Akakuta chokaa imebanduka mahali pamoja, usawa wa mkono wa mtu aliyelala, mpaka udongo unaonekana.

Mfano wangu umeishia hapo. Msiniulize alifanya nini baada ya hapo. Mtu wa namna hiyo anafanya nini?

Sasa sisi.

Naona wengine wanamkasirikia seremala. Mama Tweve pale amekunja uso, anasema moyoni, mjinga yule. Ngoja kwanza. Mimi nimehubiri katika nyumba hii kwa zile spika ndogo, zile zilizokuwa juu ya kabati la vitabu vya nyimbo. Nilisema nini kwa spika zile? Nilisema tuwatazame wajane. Nilisema tuwatembelee wazee wetu waliobaki peke yao, watoto wamekwenda mijini. Mlisema amina. Je, hamkufanya kwa sababu spika zilikuwa ndogo, hamkusikia vizuri? Kuanzia leo nitasema maneno yale yale, sina mengine, isipokuwa sasa bati litatetemeka. Mtafanya? Au mtashika vifua mkasema, sasa hapo mchungaji unaongea?

Sikatai spika. Asitoke mtu hapa akasema mchungaji kazilaani spika. Chuma na mbao havina dhambi. Ninachouliza ni kile kile alichouliza mke wa seremala. Tulipozileta, tulihamisha nini?

Tazameni spika ya kushoto. Hapana, msinitazame mimi, itazameni. Shusheni macho mpaka chini. Mnaona sakafuni zile alama nyeupe, nne, saruji imelika? Zile ni alama za miguu ya benchi. Benchi lile lilikaa pale tangu kanisa hili halijapauliwa. Lilikuwa benchi la nani? Semeni. Mnaogopa nini? La bibi zetu. Walikaa pale kwa sababu masikio yao ni mazito, na macho yao hayafiki mbali, na pale mbele walikuwa wanaona mdomo wa mhubiri.

Benchi liko wapi leo?

Nitawaambia, maana nimelipita nilipokuwa naingia. Liko nje, barazani, chini ya dirisha. Nimewakuta bibi zetu wamekaa na makoti yao, mvua inawarukia miguuni. Nikawaambia shikamooni, mbona huku? Wakaniambia, "Marahaba mchungaji, tumeambiwa spika ni kubwa, hata huku nje tutasikia." Ni kweli, watasikia. Nani kati yetu atawasikia wao?

Wazee wa kanisa, simameni. Ndiyo, sasa hivi. Mzee Chaula, na wewe, mkasi uache. Tokeni mkalilete lile benchi. Spika ya kushoto isogezeni, iwekeni popote, hata mkiiweka nje, ina nguvu, tutaisikia. Siendelei na neno lolote mpaka benchi lirudi kwenye alama zake.

Taratibu hapo mlangoni. Mpeni mkono, ana kizunguzungu huyo. Karibuni bibi zangu. Kaeni. Hapo hapo, miguu ya benchi kwenye alama zake. Mmeona? Hata ukucha haupiti.

Ngoja.

Mbona kuna nafasi mwishoni? Hapo ukutani, huwa anakaa Bibi Luvanda. Bibi Luvanda yuko wapi?

Mnasemaje, bibi? Sema tena, sijasikia, ninyi wa nyuma nyamazeni. Mlidhani yumo ndani? Mlidhani yeye amepewa nafasi huku ndani kwa sababu ya miguu yake?

Na ninyi wa ndani? Nani alimwona Bibi Luvanda? Mlidhani yuko nje na wenzake.

Hakuwa nje. Hakuwa ndani. Tangu lini? Jumapili mbili hizi mimi sikuwa hapa, nilikuwa mitaa mingine. Jumapili iliyopita alikuwepo? Mzee Chaula, wewe ndiye ulibeba benchi kulipeleka barazani, ilikuwa Jumapili ile ya kabla yake. Siku hiyo alikuwepo? Hujui. Mjukuu wake Agnetha yuko mjini anafanya kazi, hapo nyumbani hakuna mwingine. Mama Tweve, nyumba yenu na yake zinatazamana. Wiki hii umeona moshi ukitoka kwake? Jana je? Hukutazama.

Na baridi hii.

Basi. Utepe uacheni hivyo hivyo, hakuna atakayeukata leo. Chukueni makoti yenu, mvua bado inanyesha, na mtu mmoja atangulie mbio akasukume mlango wa Bibi Luvanda, asingoje kukaribishwa. Sisi wote tunamfuata. Mahenge, wewe uliye kwenye mitambo, izime yote. Wa kwaya, naona mnajiweka sawa, msianzishe wimbo njiani. Nimesema msiimbe. Tutembee kimya, na tukikaribia nyumba yake tusimame, mtu asipige hata hatua, tusikilize kama kuna mtu anagonga.